Nani ana haki ya kusoma daftari la wakili?

Kwenye ukurasa wa kumi na nne wa daftari langu la kijani kuna alama ya kuuliza. Niliichora kwa biki nyekundu, pembeni mwa maneno mawili: "nilisikiaka breki".

Maneno hayo si yangu. Ni ya kijana aliyekuwa msaidizi wa dereva katika lori lililobeba shaba kutoka Lubumbashi kuelekea Kasumbalesa, likapinduka kabla ya kufika mpakani. Mimi ni mkalimani tu. Wakili aliyetoka Marekani aliuliza kwa Kiingereza, mimi nikageuza kwa Kiswahili cha kwetu, kijana akajibu, nami nikarudisha jibu huku naandika. Kesi yenyewe, iliyokuwa kwenye mahakama ya Marekani, ilikwisha zamani, na hapa nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike mtu. Ukifika mwisho wa makala utaelewa kwa nini nimeona haja ya kulisema hilo mapema.

Jioni ya siku ile ya kwanza wakili aliniomba mambo mawili. Juu ya kila ukurasa niandike kwamba maelezo haya yameandaliwa kwa maagizo ya wakili kwa ajili ya kesi. Halafu nisimwonyeshe mtu yeyote. Nilidhani ni mbwembwe za wageni. Nimefanya kazi na maavoka, yaani mawakili, wa mji huu miaka mingi na hakuna aliyewahi kunipa maagizo kama hayo. Siri ya avoka ni siri, nani asiyejua?

"Kwani upande wa pili wanaweza kuliomba daftari langu?" nikamuuliza.

"Kuomba wataomba," akasema. "Kazi ni kujua kama watapewa."

Jibu lile ndilo lililonifanya nianze kusoma mambo ambayo mkalimani halazimiki kuyajua.

Kwetu hakuna anayeliomba

Katika kesi ya madai, sisi Kongo tumerithi njia ya Wabelgiji. Anayedai ndiye anayethibitisha. Kifungu cha 197 cha kitabu cha tatu cha sheria yetu ya madai, ile dekri ya 30 Julai 1888, kinasema kwamba anayetaka wajibu utekelezwe lazima authibitishe. Kwa vitendo, kila upande unachagua vielelezo vyake. Avoka anamkabidhi mwenzake nakala kabla ya shauri kusikilizwa, na kielelezo kinachotolewa mfukoni ghafla mbele ya hakimu kinaweza kutupwa nje. Vile ambavyo huvitegemei vinabaki ndani ya dosie yako, yaani faili lako la kesi, na mpinzani wako hana njia rahisi ya kuvifikia. Hakimu anaweza kuamuru kitu fulani kiletwe, kwa mfano vitabu vya hesabu vya mfanyabiashara chini ya sheria za OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 2012. Lakini hiyo ni amri ya kufungua droo moja, si nyumba nzima.

Marekani nyumba nzima hufunguliwa. Tangu kanuni za mwenendo wa madai za mahakama za shirikisho zilipoanza kutumika mwaka 1938, kila upande unaweza kumtaka mwenzake atoe nyaraka zinazohusu ugomvi, zikiwemo zile zinazomuumiza mwenyewe. Anaweza kumpelekea maswali ya maandishi ayajibu kwa kiapo. Anaweza kumwita yeye na mashahidi wake wakae mezani wahojiwe kwa saa nyingi huku kila neno linarekodiwa, yote hayo kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Barua pepe na ujumbe wa simu vimo. Ukificha ukagundulika, hakimu anakuadhibu. Hatua hiyo nitaiita ufichuaji. Msingi wake ungemfaa bibi yangu, aliyependa kusema mficha uchi hazai: pande zote mbili zikiona kila kitu, mashauri mengi yatamalizika kwa mapatano, na yatakayobaki yataamuliwa kwa ukweli badala ya kuvizia.

Sasa fikiria wakili ndani ya mfumo huo. Ajali imetokea. Anakwenda kuwatafuta mashahidi, anaandika wanayosema, anaandika na anayoyafikiria: huyu anadanganya, yule atatufaa, hapa tuna tatizo. Je, na hayo yafichuliwe? Kanuni za 1938 hazikuwa na jibu. Jibu lilitoka mtoni.

Boti iliyozama na swali la 38

Tarehe 7 Februari 1943, boti ya kukokota iliyoitwa J. M. Taylor ilizama katika mto Delaware, huko Philadelphia, ikiwa kwenye kazi ya kuvusha tishari la kubebea mabehewa ya reli. Ndani yake walikuwamo watu tisa. Watano walikufa maji.

Siku tatu baadaye wenye boti, pamoja na kampuni iliyoikatia bima, waliajiri mawakili. Tarehe 4 Machi manusura wanne walitoa ushahidi hadharani mbele ya wakaguzi wa serikali, na ushahidi huo ukaandikwa, kila aliyetaka akausoma. Lakini wakili wa wenye boti, Samuel Fortenbaugh, aliwahoji manusura hao tena peke yake, wakasaini maelezo yao mwishoni mwa mwezi. Aliwahoji na watu wengine, na baadhi ya mazungumzo aliyaandika kwa muhtasari wake mwenyewe.

Familia nne kati ya tano zilipatana na wenye boti. Ya tano ilikwenda mahakamani. Kisha wakili wa familia hiyo akapeleka maswali 39 ya maandishi. La 38 liliuliza: je, mlichukua maelezo ya mabaharia? Kama yapo kwa maandishi, ambatisheni nakala. Kama yalikuwa ya mdomo, elezeni kila kitu walichosema.

Fortenbaugh akakataa. Mahakama ya kwanza ikaamuru atoe. Akakataa tena, naye na wateja wake wakaonekana wameidharau mahakama, ikaamriwa wafungwe mpaka watii. Rufaa ikawaokoa, na tarehe 13 Januari 1947 Mahakama Kuu ya Marekani, ile iliyo juu ya zote, katika shauri linaloitwa Hickman v. Taylor, ikakubaliana na mahakama ya rufaa: hakuwa na lazima ya kutoa.

Ukiisoma hukumu ile iliyoandikwa na Jaji Frank Murphy, utaona haikusema kwamba yaliyotokea mtoni ni siri ya wakili. Kinyume chake. Boti ilizama vipi, nani alikuwa usukani, kamba ilikuwa na hali gani, hayo ni mali ya wote. Familia iliweza kuwauliza manusura wenyewe, na ushahidi wa tarehe 4 Machi ulikuwa wazi kwa kila mtu. Walichokitaka katika swali la 38 hakikuwa ukweli wa mto bali kazi ya mtu: maswali aliyochagua kuuliza, majibu aliyoona yanastahili kuandikwa, mpangilio alioupa. Murphy aliona kwamba ikiwa karatasi hizo zitakuwa za kuchukuliwa tu, mawakili wataacha kuandika, na kinachobaki kichwani bila kuandikwa mara nyingi hupotea au hupotoka, na mteja ndiye anayeumia.

Jaji Robert Jackson, ambaye alikuwa amerudi kutoka Nuremberg alikokuwa mwendesha mashtaka mkuu wa Marekani dhidi ya viongozi wa Nazi, aliandika maoni yake ya nyongeza. Kwa maneno yangu: ufichuaji haukuwekwa ili watu wenye taaluma ya kusomea wafanye kazi bila akili, au kwa akili ya kuazima kwa mpinzani. Sisi tuna usemi kwamba akili za kuambiwa changanya na zako. Jackson alitaka angalau hizo zako ziwepo.

Alikuwa na hoja nyingine ambayo mimi, kama mkalimani, naiona nzito zaidi. Ukimlazimisha wakili aeleze shahidi alimwambia nini kwa mdomo, umemgeuza wakili kuwa shahidi. Baharia akisimama kizimbani na kusema tofauti kidogo na muhtasari wa wakili, nani kasema kweli? Wakili ataanza kumpinga shahidi wake mwenyewe, kutetea kumbukumbu yake badala ya kumtetea mteja. Na kati ya shahidi na wakili akiwepo mkalimani, ongeza mdomo wa tatu.

Ngozi mbili za kitunguu

Mwaka 1970 wazo hilo liliingizwa kwenye kanuni zenyewe, kanuni ya 26, aya (b)(3). Kinga hiyo, ambayo nitaiita kinga ya kazi ya maandalizi, ina tabaka mbili, na ni vizuri kuzitenganisha kwa sababu watu wengi, hata wanasheria, huzichanganya.

La nje ni nyaraka na vitu vilivyoandaliwa kwa kutarajia kesi. Haidhuru vimeandaliwa na wakili mwenyewe, au na mteja, au mshauri, au kampuni ya bima, au wakala. Mkalimani aliyeagizwa na wakili yumo humo. Kwa hiyo daftari langu la kijani, kwa kanuni hiyo, ni sehemu ya kazi ya maandalizi ingawa sijawahi kuvaa joho. Lakini tabaka hili linaweza kupenywa. Upande wa pili ukimwonyesha hakimu kwamba una haja kubwa ya kitu hicho na huwezi kupata kinacholingana nacho bila taabu iliyopita kiasi, hakimu anaweza kuamuru kitolewe.

La ndani ni mawazo: anavyoona wakili, anavyohitimisha, mkakati wake, nadharia yake ya kisheria. Hata hakimu anapoamuru karatasi itolewe, ana wajibu wa kuyalinda hayo. Ndiyo maana wakati mwingine ukurasa hutolewa ukiwa na mistari iliyofunikwa kwa wino mweusi. Mwaka 1981, katika shauri la kampuni ya dawa ya Upjohn iliyokuwa inajichunguza kuhusu malipo kwa maafisa wa nchi za kigeni, Mahakama Kuu ilisema kwamba muhtasari wa wakili wa mazungumzo ya mdomo na mashahidi unastahili ulinzi wa pekee, kwa kuwa unaonyesha jinsi wakili alivyofikiri. Kumbukumbu ya mazungumzo si kinasa sauti. Kila sentensi humo imepita kwenye chujio la mtu.

Alama yangu ya kuuliza kwa biki nyekundu ni chujio. Nitairudia.

Mhuri hautoshi

Yule wakili aliponiagiza niandike kichwa juu ya kila ukurasa, nilidhani hicho kichwa ndicho kinga. Ndivyo wanavyodhani watu wengi wa maofisini. Wanapiga mhuri wa siri kwenye kila barua, hata ya kuagiza karatasi za choo, wakiamini wameshajenga ukuta.

Waingereza walilimaliza jambo hilo mwaka 1979. Mfanyakazi wa reli alikufa katika mgongano wa vichwa viwili vya treni. Mjane wake akaishtaki bodi ya reli, na akaomba ripoti ya ndani iliyoandikwa mara tu baada ya ajali. Bodi ikakataa. Juu ya ripoti palikuwa pameandikwa kwamba ni ya kumpa taarifa wakili wa bodi. Baraza la Malabwana, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa, halikubabaishwa na maandishi hayo. Liliuliza: ripoti hii iliandikwa kwa nini hasa? Ilionekana ina makusudi mawili yenye uzito sawa, kumwandaa wakili na kuzuia ajali nyingine kwenye reli. Likaamua kwamba kujiandaa kwa kesi lazima kuwe ndilo kusudi kuu, siyo mojawapo tu. Mjane akapewa ripoti. Shauri hilo, Waugh dhidi ya bodi ya reli ya Uingereza, hutajwa mpaka leo.

Marekani hawatumii kipimo kimoja. Mahakama nyingi za rufaa huuliza kama waraka uliandikwa kwa sababu ya kesi iliyotarajiwa, hata kama una faida nyingine ya kibiashara. Nyingine ni kali zaidi. Lakini kote, karatasi ambayo ingeandikwa vilevile hata kama kesi isingekuwapo haina kinga. Fomu ya ajali ambayo kampuni ya malori huijaza kila gari likipinduka ni ya biashara ya kila siku, hata ikipita mezani kwa avoka. Picha alizopiga mkaguzi wa mgodi kwa sababu kazi yake ni kupiga picha kila Ijumaa, vilevile.

Kuna shauri moja la London ambalo watu wa Lubumbashi wangepaswa kulijua kuliko wengine, maana linaigusa ENRC, kampuni iliyokuwa na migodi ya shaba na kobalti huku kwetu Katanga. Baada ya mtoa siri kudai kuna rushwa, kampuni iliajiri mawakili na wakaguzi wa hesabu waichunguze. Wakawahoji watu wengi, wakaandika. Mwaka 2013 ofisi ya Uingereza inayoshughulikia ulaghai mkubwa, SFO, ikafungua uchunguzi wa jinai, kisha ikaenda mahakamani kudai ipewe zile kumbukumbu za mahojiano na kazi ya wakaguzi. Mwaka 2017 ikashinda: jaji aliona wakati ule kampuni ilikuwa bado inatafuta ukweli, haijajiandaa kwa kesi. Tarehe 5 Septemba 2018 mahakama ya rufaa ikaigeuza hukumu. Ilisema kuwaza kuepuka kesi au kuimaliza nako ni kujiandaa kwa kesi, na kwamba kampuni zikinyimwa kinga zitashawishika kutochunguza kabisa. Uchunguzi wa SFO wenyewe ulifungwa Agosti 2023 bila mashtaka, ofisi hiyo ikisema haina ushahidi wa kutosha unaokubalika mahakamani.

Binafsi mantiki ya mahakama ya rufaa naielewa, ila inaniacha na kinyongo. Mtu wa Kakanda au Sakania anayeishi jirani na mgodi angependa kujua kilichoandikwa katika mahojiano yale. Sheria inamjibu kama ilivyoijibu familia ya Philadelphia: nenda kawaulize mashahidi mwenyewe.

Na hapo ndipo kanuni hii inapowaumiza wanyonge. Philadelphia ya 1943 manusura wanne walikuwa na majina na anwani, na walikwisha kusema hadharani. Hapa kwetu, shahidi wa ajali ya barabarani kesho yuko Ndola, kesho kutwa ametupa laini ya simu. Mwenye fedha alifika kwanza na mkalimani wake na daftari lake. Mwenye kufiwa anafika baada ya mwaka, akiwa amekopa nauli. Kwa watu kama hao ile njia ya kupenya tabaka la nje ni uhai wenyewe. Shahidi amefariki, amesahau, au hapatikani tena: hizo ndizo sababu ambazo hakimu wa Marekani huzisikiliza anapoulizwa kama kuna haja kubwa. Lakini lazima mtu aombe, tena aeleze alivyojaribu kumtafuta shahidi akashindwa. Risiti za basi na namba za simu zisizopokelewa zina thamani kuliko hotuba.

Sauti ya WhatsApp

Kinga ya kazi ya maandalizi si kitu kimoja na siri kati ya wakili na mteja wake, ingawa ni ndugu. Siri ya wakili na mteja inalinda mazungumzo yao: mteja kauliza, wakili kashauri. Ni ya mteja, na ni dhaifu kama yai. Mteja akimsimulia shemeji yake ushauri aliopewa, kwa sheria za Marekani anaweza kuwa ameipoteza. Kazi ya maandalizi ina ngozi ngumu kidogo. Inapotea ikimfikia mpinzani, au ikiachwa mahali ambapo ni rahisi kumfikia. Kumwonyesha mshirika aliye upande wako hakuivunji.

Mji wetu unaishi kwa sauti za WhatsApp. Nimeona kwa macho yangu avoka akimtumia mteja sauti ya dakika tatu, ikieleza udhaifu wa kesi yao shahidi kwa shahidi, na mteja, kwa furaha ya kuwa na avoka anayeongea vizuri, akaitupa kwenye kikundi cha familia chenye watu sitini. Kati ya sitini hao alikuwamo binamu wa yule waliyemshtaki kwa kiwanja cha Katuba. Kwenye tribunali zetu matokeo yalikuwa aibu tu. Ingekuwa mahakama ya Marekani, mabishano ya kama kinga imepotea yangekula miezi. Tangu mwaka 2008 wanayo kanuni inayomwokoa aliyetoa waraka kwa bahati mbaya, mradi alichukua tahadhari za kutosha na akaharakisha kuurudisha. Kurusha sauti kwenye kikundi cha watu sitini sijui ni nani angekuita bahati mbaya.

Sheria yetu inalinda nini, basi? Inalinda mdomo kuliko daftari. Kifungu cha 73 cha kitabu cha pili cha sheria ya jinai kinamwadhibu anayefichua siri aliyokabidhiwa kwa sababu ya cheo au taaluma yake, isipokuwa ameitwa kutoa ushahidi mahakamani au sheria inamlazimisha kusema. Baraza la mawakili, lililopangwa kwa sheria ya 28 Septemba 1979, linamfunga avoka kwa nidhamu yake, na mbele ya batonie, mkuu wa baraza hilo, avoka aliyeropoka ana la kujibu. Hata barua baina ya maavoka, kwa desturi, hubaki baina yao, isipokuwa ile iliyoandikwa wazi kuwa ni rasmi. Ulinzi huu ni mkubwa. Lakini umejengwa juu ya mtu na kiapo chake, na mimi mkalimani, au mkaguzi wa bima aliyekwenda kupima matairi, hatuna kiapo kile. Hadi leo haijatusumbua, kwa kuwa hakuna anayekuja kuomba.

Ila wanaweza kuja kutoka mbali. Kuna sheria ya Marekani, kifungu cha 1782 cha kitabu cha 28 cha sheria za shirikisho, inayomruhusu mwenye kesi katika nchi nyingine, hata hapa, kwenda kwa hakimu wa Marekani na kuomba mtu au kampuni iliyoko kule iamriwe kutoa nyaraka au ushahidi. Kampuni inayochimba kwetu ikiwa na ofisi New York, njia ipo. Kifungu hichohicho kinasema hakuna atakayelazimishwa kutoa kile ambacho kinga halali inakilinda. Kwa hiyo maavoka wa Lubumbashi wanaoandikiana barua pepe na mawakili wa nje kuhusu shauri lililo kwenye tribunali ya biashara hapa mjini wanaandika, wapende wasipende, chini ya macho ya mfumo mwingine.

Breki

Sasa nirudi kwenye biki nyekundu.

Kijana aliposema "nilisikiaka breki", nilimwambia wakili kwa Kiingereza kwamba alizisikia breki kwa masikio. Akaandika. Usiku, nikipitia daftari, nikashtuka. Kiswahili chetu kinasikia kwa masikio, kinasikia baridi kwa ngozi, kinasikia na harufu kwa pua. Breki inayopiga kelele na breki inayonuka kwa kuungua ni ajali mbili tofauti. Ya kwanza inamaanisha dereva alizikanyaga dakika ya mwisho, ya pili kwamba zilikuwa zinashika kwa kilomita nyingi na mtu alipaswa kuliona hilo kabla ya safari. Nikaweka alama ya kuuliza. Asubuhi nikamweleza wakili, naye akaandika kitu kwenye karatasi yake ambacho hakunionyesha. Kijana alikuwa ameshasaini maelezo yake na kuondoka.

Alama ile upande wa pili hawakuipata. Waliomba madaftari yote, kama alivyotabiri, wakapewa orodha iliyotaja tarehe, aina ya waraka na sababu ya kutoutoa, bila yaliyomo. Hiyo nayo ni lazima: huwezi kusema tu ni siri, unaorodhesha unachokizuia ili mwenzako aweze kupinga. Hawakupinga. Walikuwa na haki ya kumwita kijana na kumuuliza wenyewe, na swali moja tu lingetosha: ulisikia kwa sikio au kwa pua?

Miezi mingi baadaye kijana alinikuta karibu na soko la Kenya. "Papa, ile karatasi nilisainiaka, naweza kuipata?" Nikamwambia mimi sina ruhusa ya kumpa, lakini hilo si neno la mwisho. Kanuni ileile ya 26 inamruhusu mtu yeyote kuomba nakala ya maelezo yake mwenyewe aliyoyasaini, bila kueleza haja wala taabu. Maneno yake hayawi mateka ya aliyeyaandika. Nilimsaidia kuandika barua pepe ya mistari mitatu, na baada ya wiki mbili nakala ikaja, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande mwingine, ukurasa mmoja na nusu.

Tukaisoma pamoja kwenye benchi la duka la simu. Alipofika kwenye breki akacheka.

"Hapa umeandika nilisikia kelele."

"Hukusikia kelele?"

"Kelele ya wapi, Papa? Radio ilikuwa juu. Ilikuwa inanuka."